Ndiyo ya Kijana Ina Uzito Gani? Ridhaa ya Vijana Balehe katika Utafiti wa Tiba

Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waliandikishwa jijini Mwanza katika utafiti wa chanjo dhidi ya kirusi cha HPV, kisababishi kikuu cha saratani ya mlango wa kizazi. Swali la watafiti lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, dozi moja yaweza kumkinga msichana kama zinavyomkinga dozi mbili au tatu? Nchini Kenya, utafiti mwingine uliwashirikisha wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ukaonyesha kuwa dozi moja hukinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya maambukizi ya kudumu ya aina mbili za kirusi hicho zilizo hatari zaidi, katika kipindi cha miezi 18 ya ufuatiliaji. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliikubali ratiba ya dozi moja. Mwaka 2024 Tanzania, ambayo tangu mwaka 2018 ilikuwa ikitoa dozi mbili, nayo ikahamia dozi moja.

Binti anayepanga foleni ya chanjo shuleni leo huchomwa sindano moja badala ya mbili kwa sababu wasichana wenzake, wengi wao chini ya umri wa utu uzima, walikubali kutolewa damu na kurudi kliniki mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Hilo ni deni ambalo jamii nzima inadaiwa. Lakini linazaa swali ambalo kila mtumishi wa afya, mzazi na kijana anapaswa kulitafakari: msichana wa miaka 12, au mvulana wa miaka 16, anapotamka "ndiyo" mbele ya mtafiti, ndiyo hiyo ina uzito gani?

Utafiti si matibabu

Kabla ya kuuliza iwapo kijana anaweza kuridhia, ni vyema kubainisha anachoombwa kukiridhia. Tabibu anapomwandikia mgonjwa dawa, lengo lake ni mgonjwa huyo mmoja. Mtafiti hutafuta jibu litakalowafaa watu wengi, na mshiriki aweza kufaidika au asifaidike kabisa. Huenda akapangiwa dawa mpya, au ile ya zamani, au hata dawa isiyo na kiambato chochote cha kutibu, na mpangilio huo hufanywa kwa kubahatisha, mfano wa kupiga kura, bila daktari wala mgonjwa kuchagua.

Tofauti hii huwateleza hata watu wazima waliosoma. Tangu mwaka 1982 wataalamu wa maadili ya tiba wamekuwa wakiandika juu ya dhana potofu ya kuuona utafiti kuwa ni matibabu. Katika mazingira yetu, ambamo mtafiti huvaa koti jeupe lile lile, hukaa katika chumba kile kile na pengine ndiye muuguzi yule yule anayemhudumia kijana kila mwezi, dhana hiyo hupata rutuba zaidi.

Ridhaa ya kweli inahitaji uwezo wa aina nne. Mtu aelewe maelezo aliyopewa. Atambue kuwa maelezo hayo yanamhusu yeye, si mtu mwingine. Apime faida na madhara. Kisha aweze kutamka uamuzi. Juu ya hayo yote lazima pawepo hiari, yaani uhuru wa kusema hapana bila kuadhibiwa.

Ua uliojengwa kwa machungu

Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotungwa baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi, zilitamka kuwa ridhaa ya hiari ya mshiriki mwenye uwezo wa kisheria ni sharti lisilokwepeka. Kwa maana ya neno kwa neno, kanuni hizo zilimfungia mtoto nje ya utafiti wote. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, lilifungua mlango kwa tahadhari: mwakilishi wa kisheria aridhie, na pale mtoto anapoweza kueleza anachotaka, naye aulizwe, na kukataa kwake kuheshimiwe.

Tahadhari hiyo haikutoka hewani. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika taasisi ya Willowbrook mjini New York, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa kwa makusudi virusi vya homa ya ini ili mwenendo wa ugonjwa uchunguzwe. Wazazi walikuwa wametia saini fomu. Hata hivyo taasisi ilikuwa imefurika, na baadhi ya wazazi waliambiwa kuwa nafasi ilipatikana katika wodi ya utafiti pekee. Saini ilikuwapo, hiari haikuwapo.

Barani Afrika, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, watoto 200 waliingizwa katika jaribio la dawa la kampuni kubwa ya Marekani. Baadaye familia zilidai kuwa hazikuelezwa kwamba ule ulikuwa utafiti. Kampuni ilisisitiza kuwa ridhaa ya mdomo ilipatikana. Mgogoro ulifika mahakamani, na mwaka 2009 kampuni ilikubaliana na Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75.

Matukio haya yaweza kumfanya msomaji ahitimishe kwamba salama ya mtoto ni kumweka mbali kabisa na utafiti. Lakini ua unaozuia chui huweza pia kuzuia maji. Nchini Marekani, dawa kinga ya kumeza dhidi ya VVU, maarufu kama PrEP, iliidhinishwa kwa watu wazima mwaka 2012. Walio chini ya miaka 18 walisubiri hadi mwaka 2018, ilhali miongoni mwao walikuwamo waliokabiliwa na hatari kubwa ya maambukizi. Ushahidi wa usalama wa dawa kwa umri huo ulihitaji vijana wenyewe, na kuwaandikisha kulikuwa kugumu. Utafiti mmoja uliosaidia kuuziba upengo huo uliwashirikisha wavulana 78 wa miaka 15 hadi 17, nao waliruhusiwa kutoa ridhaa wenyewe bila mzazi, kwa kuwa kumwomba mzazi ruhusa kungefichua siri ambayo ingeweza kuwaletea madhara nyumbani. Kijana asiyeshirikishwa katika utafiti hatimaye hupewa dawa iliyopimwa katika mwili wa mtu mwingine.

Akili hutangulia, utulivu hufuata

Je, sayansi inasemaje kuhusu uwezo wa kijana? Mwaka 1982, watafiti wa Marekani waliwapa watu 96 wa umri wa miaka 9, 14, 18 na 21 visa vya kubuni vinavyohitaji uamuzi wa tiba. Wenye miaka 14 hawakutofautiana na watu wazima katika kuelewa na kupima mambo. Watoto wa miaka 9 walikuwa nyuma kwa uelewa na hoja, ingawa wengi wao walifikia uchaguzi wenye busara.

Mwaka 2014, utafiti wa Uholanzi uliwahusisha wagonjwa halisi 161 wa miaka 6 hadi 18 waliokuwa wakiombwa kushiriki tafiti halisi. Kwa kutumia mahojiano maalumu yanayopima zile nguzo nne zilizotajwa, iligundulika kuwa kwa jumla waliovuka miaka 11 na ushei walikuwa na uwezo wa kuamua, na waliokuwa chini ya miaka tisa na nusu hivi hawakuwa nao. Waliobaki katikati walihitaji kutazamwa mmoja mmoja.

Hapo mtu angeweza kusema: basi umri wa miaka 18 ni mkubwa mno. Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo, uliowapima watu zaidi ya 5,000 wa miaka 10 hadi 30. Uwezo wa kufikiri kwa utulivu ulifikia kiwango cha utu uzima karibu na umri wa miaka 16. Lakini uwezo wa kujizuia, wa kustahimili shinikizo na kutazama mbali, uliendelea kukomaa hata baada ya miaka 18. Kwa maneno mengine, kijana akiwa ametulia huwaza kama mkubwa wake. Damu ikichemka, au macho ya watu yakimwelekea, hali hubadilika.

Fundisho lake kwa mtumishi wa afya ni kubwa. Uwezo wa kijana kuridhia haukai kichwani mwake tu. Unakaa pia katika chumba anamoulizwa. Kijana yule yule aweza kutoa ridhaa ya kweli leo asubuhi akiwa na muda na faragha, na kushindwa kuitoa mchana akiwa katikati ya foleni, mama yake pembeni na kalamu mkononi.

Ridhaa na radhi

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatupa dokezo. Neno ridhaa ni ndugu wa damu wa neno radhi. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Mtoto aliyelelewa katika jamii zetu hukua akijua kwamba radhi ni bora kuliko mali, na kwamba kumpinga mzazi au mkubwa hadharani ni kuiweka radhi hiyo rehani. Ni malezi mema, na hakuna sababu ya kuyabeza. Lakini kijana anapoulizwa, "Unakubali?", huku baba ameshatia saini na daktari anasubiri, mara nyingi swali analolisikia si hilo. Analolisikia ni: "Je, utamvunjia baba heshima?" Na jibu la swali hilo linajulikana: "Sawa, daktari."

Kwa sababu hiyo, miongozo ya kimataifa hutofautisha mambo mawili. Mzazi au mlezi hutoa ridhaa ya kisheria, na kijana hutoa ukubali wake mwenyewe. Kanuni za Marekani za mwaka 1983 zinaeleza kuwa ukubali wa mtoto ni tamko lake la wazi, na kwamba kutokupinga tu hakuhesabiki kuwa ni kukubali. Kwetu, ambako ukimya wa kijana mbele ya wakubwa mara nyingi ni adabu, kanuni hiyo ina maana kubwa kuliko kule ilikoandikwa.

Tuseme muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo amemaliza kumweleza mvulana wa miaka 16, anayetumia dawa za VVU, juu ya utafiti wa dawa mpya. Mvulana anatikisa kichwa. "Nimeelewa, dada."

"Vizuri, mdogo wangu. Hebu niambie kwa maneno yako, kitafanyika nini?"

"Mtanipa dawa mpya, nzuri kuliko hizi."

"Kama ni nzuri kuliko hizi, bado hatujui. Ndiyo sababu ya utafiti. Na atakayepata mpya au ya zamani atapangwa na kompyuta kwa kubahatisha, si mimi wala wewe. Haya, ukianza kisha mwezi wa tatu ukataka kuacha, itakuwaje?"

Kijana anainamisha macho. "Mtanifuta kliniki."

Maswali mawili tu yamefichua kwamba "nimeelewa, dada" ilibeba makosa mawili makubwa: kwamba utafiti ni tiba bora, na kwamba kukataa kuna adhabu. Bila maswali hayo, fomu ingetiwa saini, ikahifadhiwa kabatini, na kila mkaguzi angeikuta safi.

Sheria inasimama wapi

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalimruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila kuhitaji ridhaa ya mzazi, hatua iliyofungua huduma kwa vijana wengi. Lakini kupima ni huduma. Utafiti una masharti yake, na kwa kawaida ridhaa ya mzazi au mlezi huhitajika pamoja na ukubali wa kijana. Utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili, na ile ya kitaifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Nchi nyingine zimeweka mipaka tofauti. Miongozo ya Uganda ya mwaka 2014 inamruhusu kijana aliye mjamzito, aliyeolewa au kuoa, mwenye mtoto, au anayejitegemea kimaisha, kujitolea ridhaa mwenyewe. Nchini Uingereza, kanuni za majaribio ya dawa za mwaka 2004 zinamhesabu mwenye miaka 16 kuwa mtu mzima kwa shughuli hiyo.

Penye mpaka mmoja usiotazama hali ya mtu, huzuka mambo ya ajabu. Msichana wa miaka 16 aliyejifungua huweza kuonekana anafaa kuridhia kwa niaba ya mtoto wake mchanga, na papo hapo akaambiwa amlete mama yake aridhie kwa niaba yake. Kijana asiyeishi na wazazi, au aliyefukuzwa nyumbani, hubaki bila wa kumtilia saini, na hivyo matatizo yake hayafanyiwi utafiti. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2016 inaziruhusu kamati za maadili kuondoa sharti la mzazi katika mazingira maalumu, mradi kijana awekewe ulinzi mwingine. Ruhusa hiyo si ya mtafiti kujitwalia. Huombwa kwa kamati, kwa hoja na ushahidi.

Ya kufanya katika chumba cha ridhaa

Kwanza, kijana azungumziwe peke yake, baada ya kikao cha pamoja na mzazi. Mzazi aelezwe mapema kuwa huo ndio utaratibu wa kila mshiriki, asidhani kuna jambo linalofichwa. Ni katika mazungumzo hayo ambapo masuala ya ujauzito, VVU na mahusiano huweza kutajwa. Na kabla kipimo chochote cha namna hiyo hakijafanyika, kijana na mzazi wote wawili wajue nani ataambiwa majibu.

Pili, maelezo yatumie vipimo vya nyumbani. "Mililita kumi za damu" haimwambii kitu binti wa darasa la sita. "Vijiko viwili vya chai" humwambia. Katika jamii ambako simulizi za mumiani bado zinanong'onwa, kueleza damu ni kiasi gani, inapelekwa wapi, itahifadhiwa muda gani na itatumikaje ni sehemu ya ridhaa yenyewe, si nyongeza.

Tatu, kijana arudie maelezo kwa maneno yake. Asiulizwe "Umeelewa?" kwa kuwa jibu lake linajulikana kabla hajalitoa. Aulizwe: Utafiti huu unatafuta nini? Wewe utafanya nini? Kitu gani kinaweza kukudhuru? Ukikataa, nini kitabadilika katika matibabu yako? Swali la mwisho ndilo kipimo cha hiari.

Nne, apewe muda. Pale utafiti unaporuhusu, familia irudi nyumbani na karatasi ya maelezo, ilale nayo, ije siku nyingine. Haraka ni ya mtafiti. Madhara, yakitokea, ni ya mshiriki.

Tano, wenye mamlaka juu ya kijana wakae kando wakati wa uamuzi. Mwalimu mkuu anaweza kufungua mlango wa shule, lakini asisimame darasani akihesabu mikono iliyonyooshwa. Inapowezekana, anayeomba ridhaa asiwe yule anayemtibu kijana kila mwezi. Nauli na gharama zirejeshwe kwa haki, bila kuwa kivutio cha kumfanya mtu afumbie macho hatari.

Sita, ridhaa isichukuliwe kuwa tukio la siku moja. Katika utafiti wa miaka mingi, msichana aliyeingia akiwa na miaka 12 atavuka 18 akiwa bado mshiriki. Siku hiyo ridhaa ya mzazi inafikia ukomo wake, na yeye mwenyewe anastahili kuombwa upya, pamoja na hatima ya sampuli zake zilizohifadhiwa.

Kwa mzazi na kwa kijana

Mzazi anayeombwa ridhaa ana haki ya kuuliza utafiti umepewa kibali na nani, nani atagharamia matibabu iwapo mtoto atadhurika, na ampigie nani simu akiwa na malalamiko. Baada ya majibu hayo, amuulize pia mtoto wake, kisha avumilie kusikia jibu asilolitarajia. Mwanawe akisema hataki, hajamvunjia heshima. Ametumia haki ambayo miongozo ya utafiti inamtambulia. Kukataa huko hupaswa kuheshimiwa hata kama mzazi amekwisha kutia saini, isipokuwa katika hali adimu ambapo utafiti ndio njia pekee ya kumfikishia tiba anayoihitaji, nayo kamati ya maadili iwe imeridhika hivyo.

Kijana naye ajue kuwa kushiriki utafiti ni jambo la kuheshimika. Wasichana wa Mwanza na wa Kenya wamewapunguzia wadogo zao sindano. Ajue pia kuwa anaweza kuuliza swali lile lile mara tatu, kuomba siku mbili za kufikiri, kukataa, au kukubali kisha akaacha njiani, na huduma zake za kawaida zikaendelea.

Mtumishi wa afya anayepokea ukubali wa kijana anaweza kujipima kwa swali moja kabla hajafunga jalada: lau kijana huyu angetaka kusema hapana leo, chumba hiki kingemruhusu? Jibu likiwa ni ndiyo, basi ndiyo ya kijana ina uzito kamili. Jibu likiwa si hakika, fomu na isubiri.